Fensi ya waya na mbao: ukienda kununua, anza na nguzo

Fensi yangu ya kwanza hapa Mamboleo, Kisumu, ilipendeza mpaka majirani wakaja kuomba namba ya fundi. Chenilinki, ule waya uliosukwa matundu, iling'aa, nguzo zimesimama kwa mstari kama askari wa gwaride. Masika ya tatu yalipokwisha, niliegemea nguzo ya kona nikiongea na simu, nikajikuta nimekaa kwenye majani. Nguzo ilikuwa imekatika pale inapoingia ardhini. Ndani lilibaki ganda tu, na mchwa wakikimbizana. Waya wenyewe ulikuwa bado kama wa jana.

Kwa hiyo usishangae nikizipanga fensi hizi kwa kuangalia kwanza kilichofukiwa. Ukifika hadwea utaoneshwa waya, utaambiwa urefu wake, utasifiwa rangi yake. Ukiuliza nguzo, jibu ni "tutakutafutia." Bei sitaziandika maana leo si za jana, lakini mpangilio ni wangu: naanza na ninayoipenda na kumalizia na ile nisiyoitaka hata nikipewa bure.

1. Paneli za weldimeshi, nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, na mbao juu

Hii ndiyo niliyoweka upande wa barabara baada ya aibu ile. Paneli ni nyaya nene zilizochomelewa miraba miraba, na sifa yake kubwa ni kwamba haifumuki. Chenilinki imesukwa: mwizi akikata uzi mmoja na kuuzungusha kama skurubu, unatoka wote kutoka juu hadi chini, na pengo la mtu kupita linabaki bila kelele. Kwenye paneli itambidi akate waya mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja unalia ukikatwa.

Angalia viungo kabla ya kitu kingine chochote. Kuna paneli zinazochomelewa kwanza kisha ndipo zikachovywa kwenye zinki ya moto. Hizo utaona kiungo kimefunikwa, kijivu sawasawa na waya uliobaki. Nyingine hutengenezwa kwa waya uliokwisha kupakwa zinki, halafu moto wa kuchomelea unaichoma zinki palepale nyaya zinapokutana. Hizo zina vidoa vyeusi au vya kahawia kwenye makutano, na kutu itaanzia hapo. Ukipewa za plastiki ya kijani, kwangua kidogo kwenye ncha. Ndani pawe na zinki, maana plastiki ikichunika na chini kuna chuma kitupu, maji hupenya na kuila waya kimyakimya huku nje ukiona kijani kizuri. Tena unene upimwe bila plastiki. Wapo wanaokuhesabia na koti.

Kosa moja nimeliona mara nyingi mno, Nakuru na hata huku: mtu ananunua BRC, ile nyavu ya kutandazwa kwenye zege, anaifanya fensi. Haina zinki, na matundu yake ni milimita 200 kwa 200. Kuku anapita, mbwa mdogo anapita, na mvua mbili tatu zikipiga imeshakuwa nyekundu. BRC ifukie kwenye slabu, ndiko kwao.

Sasa nguzo. Mkaratusi mbichi ni chakula cha mchwa, lakini uliotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo hukaa miaka mingi; nguzo nyingi za umeme za mti unazoziona njiani ni mti huohuo na ufundi huohuo. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki, na shaba ndiyo inayoleta ule ukijani. Hapo ndipo ujanja unapoingia, kwa sababu ukijani hata rangi ya pipa inaweza kuuleta. Mwombe muuzaji akukatie inchi mbili kutoka kwenye nguzo moja unayoichagua wewe. Dawa ya kweli imeingia ndani: utaona pete pana ya kijani ikizunguka moyo wa mti. Ukiona ukijani umeishia kwenye ngozi kama maganda ya ndizi mbichi, aga kwa heshima uondoke. Muuzaji akikataa kukata, jibu umeshalipata.

Nguzo ikikatwa, upande uliokatwa uende juu, kamwe usiende shimoni, maana moyo wa mti hauna dawa. Misumari ya U iwe ya zinki pia. Ile shaba iliyo kwenye dawa hula misumari ya kawaida.

Mbao za juu na za kati, mimi nilitumia saiprasi ya inchi 3 kwa 2, nikaipaka rangi pande zote nne kabla ya kupigilia, na ncha nikazipaka mara mbili kwa sababu ndizo hunywa maji. Ubao wa chini uache inchi nne kutoka ardhini. Fundi wangu alitaka uguse udongo "kuku wasipite". Ubao unaogusa udongo ni ngazi ya mchwa, na hawana haja ya nguzo zako zilizotiwa dawa wakishapata njia hiyo. Kuku tuliwazuia kwa safu moja ya mawe.

2. Chenilinki ya geji 12 na nusu kwenye nguzo zilezile

Kwa pande zile tatu ambazo wageni hawazioni, hii inatosha, na kwa pesa zako ndiyo inayokupa kingi. Ila jifunze geji. Namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba: geji 16 ni milimita 1.6, geji 14 ni milimita 2, geji 12 na nusu ni kama milimita 2.5, geji 10 ni milimita 3.25. Tofauti ya 16 na 14 inaonekana ndogo ukiitamka, lakini waya wa 14 una chuma zaidi ya mara moja na nusu.

Nilienda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene wa waya, mfukoni kwenye duka moja mjini.

"Hii ni geji gani?"

"Kumi na nne, mzee."

Nikabana waya, ikasoma 1.6. Nikamwonesha.

Akaangalia ile kalipa, akaniangalia mimi. "Mzee, wateja wengi hawaji na mashine."

Hakubisha zaidi. Akaenda nyuma, akarudi na roli nyingine, nzito, ambayo kijana wake aliibeba kwa kuhema. Kama huna kalipa, uzito utakusaidia: roli mbili za urefu na matundu sawa, ukiona moja nyepesi sana, muuzaji wake anakudanganya.

Hesabu ya ploti ya futi 50 kwa 100 ni hivi. Mzunguko ni futi 300. Toa geti la futi 12, zinabaki 288. Roli ya mita 18 ni futi 59, kwa hiyo tano zinatosha na kubakisha futi saba. Nguzo kila futi 10 zitakuwa 30. Muuzaji atakuandikia hizo 30 na fundi atakubali, kisha siku ya kazi mnagundua mmesahau mikingamo, zile nguzo za kulala mshazari zinazozuia kona isivutwe na waya. Kila kona inataka mbili, kila upande wa geti mmoja. Ongeza 10. Ukiweka paneli mbele, zile futi 38 kando ya geti zitakula paneli tano za futi 8, na roli ya tano ya chenilinki itabakiza futi 45, ambazo ni banda la kuku tosha.

Usinunue chenilinki bila nyaya tatu za kuvutia: juu, katikati na chini. Bila hizo italegea tumboni kama neti ya kitanda. Na weka juu upande uliokunjwa, sio wenye miiba, kama kuna watoto wanaoparamia.

3. Chenilinki kwenye nguzo za zege

Wengi wangeiweka ya kwanza, na wana hoja: mchwa hali zege. Mimi nimeiteremsha kwa sababu ya nguzo nilizoziona zikikatika kwenye mkokoteni kabla hazijafika shambani. Nguzo ya zege ni nzuri kadiri ya nondo zilizomo na siku zilizomwagiwa maji ili ikomae, na vyote viwili huvioni ukiikuta imekauka kando ya barabara. Kama unaweza kuwaona wakizimwaga, au fundi wako akazimwaga kwenu nyumbani, basi zipandishe hadi nafasi ya pili, na kwenye boma lenye mchwa wengi zipe ya kwanza. Ikiwa utachanganya, nguzo za kona ziwe za zege na za katikati za mkaratusi.

4. Seng'enge na ua wa kupanda

Hii ni ya shamba. Seng'enge nyuzi tano, na chini yake kayaba. Miiba ya kayaba ng'ombe anaiheshimu, lakini itakutaka subira ya miaka na mkasi kila msimu. Wazee wa huku walizungushia nyumba mnyaa, ojuok kwa Kijaluo, na bado unasimama bomani kwa watu wengi. Ukiukata, linda macho. Utomvu wake mweupe unachoma vibaya. Waya wa shamba utavuka kiangazi, ua wa kupanda utavuka vizazi.

5. Geji 16 kwenye miti mibichi

Ndiyo niliyoanza nayo. Oili chafu ya gari kwenye kitako cha nguzo haikunisaidia. Inapaka ngozi tu, kisha inachafua udongo wa sukuma wiki.

Kuisimamisha

Kabla ya shimo la kwanza, hakikisha bikoni zote nne, alama za mipaka ya ploti, zipo na jirani yupo. Fensi iliyoingia kwa jirani futi moja itavunjwa ikiwa mpya.

Mamboleo kuna mawe, kwa hiyo shimo la futi mbili na nusu lilitushika mchana mzima kwa mtaimbo, na nguzo ya futi 8 ikabakisha karibu futi sita juu. Chini tulimwaga balasti inchi nne, nguzo ikasimama juu ya balasti, zege likazunguka kiuno tu. Ukiizibia kitako kwa zege umeitengenezea bakuli la maji. Juu zege liinuke kidogo kama kofia, maji yateremke.

Kwa mama, upande wa Ahero, ilikuwa habari nyingine. Udongo mweusi wa Kano huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na huibana nguzo na kuiinua kila msimu. Fensi yake ya zamani ilikuwa imepangana kama meno ya mzee. Tuliingia futi tatu, shimo likiwa pana chini kuliko juu, ili udongo ukivimba usipate pa kulinyanyulia zege. Kwa hiyo nguzo tulinunua za futi 9. Tulichimba baada ya mvua ya kwanza. Januari udongo ule unarudisha jembe.

Kona kwanza, na mikingamo yake. Halafu uzi, halafu za katikati. Kisha ngoja. Fundi atataka kuvuta waya jioni hiyohiyo kwa sababu kesho ana kazi Kondele, na zege la saa tano zilizopita litafuata waya. Sisi tulingoja siku saba, na malipo ya mwisho nikayaweka mfukoni hadi siku ya nane.

Tulipomaliza, mama alikuwa ameshavikusanya vipande vyote vya nguzo na kuvipanga kando ya jiko. "Kuni nzuri hivi, mwanangu, utazitupa?" Nikamweleza kwamba ile dawa ina aseniki, kwamba moshi wake ni sumu na majivu yake pia, na kwamba mafundi walivaa glavu na kunawa kabla ya kula kwa sababu hiyohiyo. Hakuridhika. Alivitazama muda mrefu, akachagua vilivyonyooka, na sasa ni vigingi vya mbuzi.