Siku mbili kwenye tamasha la sanaa la bure mjini Kampala: uzoefu wangu na familia

Tulikwenda watu watano: mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka 11, mdogo wake wa miaka 6, na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ametoka Masaka kuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na alikuwa bado anapumzika kwetu Bweyogerere. Tamasha lilifanyika Jumamosi na Jumapili katikati ya Kampala, kwenye viwanja na barabara zilizofungwa kwa magari, umbali mfupi kwa miguu kutoka Jumba la Maonyesho la Taifa, na halikuwa na kiingilio, si kwa mkubwa wala kwa mtoto. Ninaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye, kama mimi kabla ya siku ile, akisikia neno sanaa hudhani anazungumziwa mtu mwingine.

Kwanza nilizungumzie hilo la kutolipa, kwa sababu ndilo lililozifanya siku zote mbili ziende zilivyokwenda. Tukienda mahali pa kulipia, hesabu huanza mlangoni: tumetoa kiasi fulani, kwa hiyo lazima tuone vyote, na mtoto akichoka baada ya saa moja tunamburuta hivyo hivyo ili fedha zisipotee. Safari hii hapakuwa na wa kuburutwa. Mdogo alipochoka tulitoka nje ya uzio, tukaketi kwenye majani, tukala gonja (ndizi ya kuchoma) ya moto, tukarudi. Mama alipofikia saa ya kutia dawa ya macho, tulikaa kivulini nusu saa nzima bila mtu kuangalia saa. Jumamosi tuliona labda theluthi ya vilivyokuwapo, na tulirudi nyumbani tumeshiba.

Kilichotushika mwanzo kilikuwa amadinda, yale marimba makubwa ya Kiganda. Nimeyasikia tangu utotoni, harusini na redioni, lakini sikuwa nimewahi kukaa hatua mbili kutoka kwenye mikono ya wapigaji. Vibao 12 vya mti vilikuwa vimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, vibichi bado, vinachuruzika maji, na kati ya kibao na kibao pamechomekwa vijiti vya kuvizuia visihame. Wapigaji wawili waliketi wakitazamana na wa tatu akaketi kwenye ncha yenye vibao vidogo. Kiongozi wao alifanya jambo la busara: kabla ya kuupiga wimbo, alimtaka wa kwanza apige sehemu yake peke yake, kisha wa pili ya kwake. Kila sehemu, ikiwa peke yake, ilikuwa ya kawaida kabisa, mapigo sawasawa kama ya mtu anayetwanga. Kisha wakapiga pamoja, kila mmoja akitia pigo lake katika nafasi aliyoiacha mwenzake, na ukatokea wimbo wa kasi ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akiupiga, huku yule wa tatu, kwenye vibao viwili vya mwisho, akiokota sauti chache tu na kuzirudia kwa juu. Mwanangu akauliza kwa sauti, "Ni nani anayeimba?" Kiongozi hakumcheka. Alimwita, akamkalisha pale pa mpigaji wa tatu, akamshika viganja, na wakapiga naye polepole hadi akapata mapigo manne yaliyoingia mahali pake. Mtoto yule tangu wakati huo anagonga meza kila tunapokula, na mimi sijamkataza.

Sasa nifike kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti, kwa sababu hapo ndipo tulipokaa kuliko mahali pengine popote, na ndipo nilipokaribia kujuta kwamba tumekuja.

Msanii mmoja kijana alikuwa ametundika vipande virefu vya lubugo kati ya nguzo, akavishona kwa nyuzi za rangi ya samawati na njano, vingine akavitoboa matundu ambayo mwanga ulipita na kuangukia sakafuni. Binti yangu alivutiwa mara moja. Mama mkwe alisimama ghafla, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba hicho ni kitambaa cha kuzikia. Alikuwa na sababu. Miaka michache iliyopita alimzika mumewe, na kwa desturi ya Waganda marehemu alizungushiwa lubugo, kimoja cha ukoo, kimoja cha wakwe, kimoja cha marafiki, na mama alikuwapo vilipokuwa vikikunjuliwa kimoja baada ya kingine. Mimi nimekulia katika nyumba za reli za Nsambya, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila mlango na kila kabila lilikuwa na mazishi yake, kwa hiyo nilijua jambo hili kwa kulisikia tu. Yeye alilijua kwa mikono yake. Nilitaka tuondoke.

Msichana wa kujitolea aliyekuwa akiwaongoza wageni aliona, akaja, akapiga magoti kumsalimu mama kwa Kiganda kama inavyostahili, akamsikiliza hadi mwisho bila kubishana naye. Kisha akamwambia kwamba nyuma ya turubai lile kuna mzee anayetengeneza lubugo tangu asubuhi, na kwamba pengine angependa kusema naye.

Tulimkuta chini ya kibanda kilicho wazi pande zote, ameketi mbele ya gogo refu lililochongwa likawa bapa juu, na kipande cha gome kimetandazwa juu yake. Kabla ya kuuliza chochote kingine, mama alimuuliza ukoo wake. Mzee akajibu kwamba yeye ni wa Ngonge, yaani fisimaji, ukoo ambao tangu zamani ndio uliobeba kazi hii katika ufalme wa Buganda. Basi mama akaketi, na sisi tukaketi.

Gome hutoka kwenye mti uitwao mutuba. Fundi hulivuna wakati wa mvua, hukwangua ganda la nje, kisha hulichana gome la ndani kutoka juu hadi chini na kulibandua likiwa zima, kama anayemvua mtu kanzu. Shina linalobaki uchi hufungwa majani ya mgomba ili lisikauke, na mti huota gome jipya. Mti mmoja waweza kuvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Kibanda kipo kwa sababu hiyo hiyo ya unyevu, maana jua likilipata gome kabla ya wakati wake, huwa gumu na kupasuka. Mzee alikuwa na nyundo tatu za mbao zenye mifereji ya duara, moja mifereji mipana, ya pili ya wastani, ya tatu myembamba kama kucha ya mtoto. Huanza na ile pana. Gome lililoanza likiwa na upana wa mikono miwili lilikuwa likienea mbele ya macho yetu, likikunjwa, likipigwa, likikunjuliwa, na rangi yake ikielekea kwenye ile ya udongo wa kigae ambayo sisi sote tunaijua.

Mama alikuwa amefumba macho. Nilidhani yanamuuma, kumbe alikuwa akisikiliza. Aliwaambia wajukuu zake kwamba alipokuwa msichana kule Buddu, upande wa Masaka, mlio huo wa nyundo ulisikika kutoka boma hadi boma, na kwamba mtu aliweza kujua kwa mlio tu kama kazi imefika kwenye nyundo ya mwisho. Kisha akaomba aguse. Mzee akampa kipande kilichokwisha, naye akakisugua kati ya vidole muda mrefu, akasema ni kizuri, kimepigwa vya kutosha. Aliongeza kitu ambacho sikuwa nimekisikia katika miaka 13 ya kuolewa katika nyumba ile: kwamba bibi yake yeye alikuwa akivaa lubugo mwilini kila siku, akijifunga mkanda kiunoni, na kwamba kitambaa hicho kilikuwa cha walio hai kabla ya pamba kukisukuma kikabaki kwa wafu na kwa sherehe. Tuliporudi kwenye kazi ya yule kijana, hakusema kwamba ameipenda. Alisema nyuzi za njano ni nyingi mno. Kijana alimshukuru, wakazungumza, nami nikawaacha.

Ubaoni palikuwa na maelezo kwamba UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005 na kuuingiza katika orodha yake mwaka 2008. Ni habari njema. Ila ubao ulikuwa kwa Kiingereza peke yake, kama mbao zote za tamasha, na hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Mama anasoma Kiganda vizuri. Kulikuwa na wageni kutoka Kenya na Tanzania waliokuwa wakitafsiriana wao kwa wao. Baraza la Mawaziri letu liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na tamasha linalojiita la watu wote lingeweza kuchapa mistari mitano mitano kwa Kiganda na Kiswahili chini ya ile ya Kiingereza. Msichana yule wa kujitolea alifanya kazi ambayo karatasi ingeifanya, na hakuwapo kila mahali.

Malalamiko mengine ni ya kawaida zaidi. Ratiba ilibadilika bila tangazo, hata mchezo wa vikaragosi ambao mwanangu aliungojea tangu asubuhi ukachezwa wakati sisi tumo kwenye foleni ya choo. Vyoo vya kubebeka vilikuwa vichache, na kufikia saa tisa alasiri mzazi mwenye mtoto mdogo alikuwa na tatizo la kweli. Majukwaa mawili ya muziki yaliwekwa karibu mno, kwa hiyo ngoma za huku zilizima mashairi ya kule. Viti vya wazee havikuwapo kabisa. Tuliazimwa kimoja na mama muuza maji, Mungu ambariki. Mvua ya Jumamosi jioni simlaumu mtu, ila turubai za kujikinga zilikuwa za vifaa, watu wakabaki kujibanza ukutani.

Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyotuingiza kwenye hema la watoto, ambako akina mama walikuwa wakifundisha kutengeneza shanga za karatasi. Unakata karatasi ya gazeti la rangi kuwa pembetatu ndefu nyembamba, unaanza kuiviringa kwenye kijiti kwa upande ule mpana, unakaza, unatia gundi kwenye ncha, unachomoa kijiti. Shanga za kwanza za binti yangu zilifumuka kama konokono anayetoka. Mwalimu wake alimwonyesha kwamba kosa liko mwanzoni, kwenye mzunguko wa kwanza. Alitengeneza 23. Hakuna aliyemwambia muda umekwisha.

Jumapili tulifika mapema, saa tatu, na ningemshauri kila mwenye watoto afanye hivyo, kwa kuwa hadi saa sita wasanii bado wana nafasi ya kuzungumza na mtu mmoja mmoja. Baba watoto alitaka tuanze na matembezi ya sanamu, akatupeleka hadi kwenye Mnara wa Uhuru, ambao tumeupita kwenye taksi, yaani matatu zetu, maisha yetu yote. Uliundwa na Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesomea na kufundisha Makerere, kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1962. Ukiusogelea unaona kwamba mama yule amefungwa vitambaa mwilini, na mtoto anayemwinua juu ndiye aliye huru, mikono yake imenyooka hewani. Watoto waliuzunguka mara tatu. Njiani baba watoto aliwasimulia habari za KLA ART, lile tamasha la sanaa la Kampala ambalo mwaka 2012 liliweka kazi za wasanii ndani ya makontena 12 ya mizigo, na mwaka 2014 likawapa wasanii bodaboda wazigeuze kuwa kazi za sanaa na kuzipitisha mitaani. Binti yangu aliuliza kama abiria walipanda. Tangu hapo kila bodaboda iliyotupita ilipewa alama.

Kuhusu gharama, bure haina maana ya mfuko mtupu. Nauli ya taksi kutoka Bweyogerere, mdogo akipakatwa, ilikuwa shilingi 24,000 kwenda na kurudi kwa siku. Jumamosi tulinunua chakula hapo hapo, rolex (chapati iliyoviringwa na mayai), muchomo (nyama ya kuchoma), maji na soda, tukajikuta tumetumia shilingi 71,000 pamoja na nauli. Jumapili nilibeba chai, viazi na mayai ya kuchemsha, na jumla haikufika 35,000. Mwenye mzee abebe kiti cha kukunja na kofia pana. Mwenye mtoto mdogo amwandikie namba ya simu kwenye kipande cha karatasi na kukitia mfukoni mwake, kwa kuwa alasiri watu hujaa sana karibu na majukwaa.

Lawama zangu zote nimezitaja kwa nia njema, na nitakwenda tena mwaka ujao bila kusita, ila nitaondoka kabla ya saa kumi jioni.

Tulipokuwa tukiaga, mzee wa lubugo alimpa binti yangu kipande cha pembeni, ukubwa wa leso mbili. Mama alimwonyesha jinsi ya kukiviringa badala ya kukikunja, ili kisipate mistari, nacho sasa kiko juu ya kabati pamoja na shanga. Desemba tutakwenda Masaka sote. Mama ameshapiga simu kuuliza kama mutuba wa nyuma ya nyumba ya kaka yake bado umesimama, na ameambiwa upo.