Uzoefu wangu: jioni nne na waokoaji wa kujitolea

Nilijiandikisha kwenye mafunzo yao ya huduma ya kwanza kwa sababu ya mzee mmoja, jirani yetu. Alianguka mlangoni pake, nasi tukamzunguka. Alikuwa akikoroma na kuvuta pumzi moja moja za kukatika, tukaambizana, "Anapumua, mwacheni apumzike." Gari la wagonjwa lilipofika, alikuwa keshafariki.

Jioni ya kwanza ya mafunzo mwalimu aliuiga mkoromo ule ule. Nywele zilinisimama. Akasema mtu akizimia na kuvuta pumzi za namna ile, usihesabu kwamba anapumua: huenda moyo umeshasimama, na huo ndio wakati wa kuita msaada na kuanza kukandamiza kifua. Nilitoka nje. Alinifuata na kikombe cha maji, akakaa nami kimya mpaka nikawa tayari kurudi ndani.

Wakufunzi wenyewe ni watu tunaokutana nao kila siku: seremala, muuguzi mstaafu, mama wa watoto watatu. Hawalipwi. Simu ikilia wanaacha walichoshika na kukimbia, na kwa kuwa wanaishi karibu, mara nyingi wanatangulia kufika kabla ya gari la wagonjwa. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache, kwa hiyo ukaribu wao una thamani kuliko nilivyokuwa nikidhani.

Sehemu kubwa ya mafunzo ni magotini, mbele ya sanamu ya mtu ya kufanyia mazoezi. Viganja viwili katikati ya kifua, kushuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mikandamizo 30, unampulizia pumzi 2 mdomoni. Kuyasoma ni rahisi. Mimi nilianza kwa kupinda viwiko, na sanamu, ambayo hutoa mlio ukifikisha kina, ilikaa kimya. Mkufunzi akanigusa kiwiko: "Nyoosha, dada. Tumia uzito wa mabega. Halafu mwachie kifua kiinuke chote, damu irudi moyoni." Mlio ukaanza kusikika. Zilipotimia dakika mbili jasho lilikuwa linanichuruzika, nikaelewa kwa nini waokoaji hupokezana kila baada ya muda huo. Niliogopa kumvunja mtu mbavu. Muuguzi alinijibu bila kuzungusha: zinaweza kuvunjika, na mbavu hupona.

Jambo lililonigusa ni uso wa sanamu. Walitueleza kwamba sanamu ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Lærdal, mtengenezaji wa midoli wa Norwei, na uso wake aliuchukua kwenye kinyago cha msichana asiyejulikana ambaye inasimuliwa aliopolewa mto Seine, Paris. Baada ya hapo sikuweza tena kuishika ile sanamu kama plastiki tupu.

Kifaa cha kushtua moyo tulikijaribu mara mbili. Kinaongea chenyewe, kinapima mapigo chenyewe, na kama moyo hauhitaji umeme hakiutoi. Damu inayobubujika: gandamiza jeraha kwa nguvu na usichungulie kila mara kuona kama imekoma. Kuungua: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupaka chochote.

Sasa yaliyonikera. Tulikuwa watu ishirini kwa sanamu mbili, hivyo muda mrefu tulikuwa watazamaji. Somo la mtoto mchanga aliyekabwa na kitu kooni lilibanwa mwishoni mwa jioni ya nne, wengine wakiwa wameshainuka. Kumlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, mapigo 5 mgongoni. Akiwa bado amekabwa, kumgeuza na kumkandamiza kifuani mara 5, wala si tumboni kama mtu mzima. Nilifanya mara moja tu. Nina mtoto wa miezi saba, na mara moja haitoshi hata kidogo.

Niliwaambia hivyo waziwazi, na pia kwamba mikono husahau baada ya miezi kadhaa. Hawakukasirika, walikubali, wakapanga jioni ya marudio kila baada ya miezi mitatu. Nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa marudio ya kwanza nimeandikisha jina langu na la mume wangu, na nimeomba safari hii tuanze na sanamu ya mtoto mchanga.