Sabuni ya uso yenye asidi: ipi ununue Dar, ipi uiache dukani

Kwa uso wa mtu wa Dar anayeanza kutoka jasho kabla hajafika kituoni, nunua yenye asidi salisiliki kwanza. Nalisema mapema kwa sababu najua wengine mnasoma hapa mkiwa tayari dukani, simu mkononi, muuzaji anawasubiri. Zilizobaki nimezipanga kwa namna zinavyofaa mji huu wa joto, unyevu, vumbi na maji ya kisima yenye chumvi.

Kazi ya asidi hizi ni kulegeza kile kinachoshikilia seli zilizokufa juu ya ngozi, zidondoke zenyewe bila kusuguliwa. Zikiwa kwenye sabuni hukaa usoni muda mfupi, unazisuuza, basi. Kwa hiyo ni nyepesi kuliko tona au seramu yenye asidi ileile, na mtu anayeanza ni bora aanzie kwenye sabuni. Kwa sababu hiyohiyo, usimsikilize anayekwambia, "Dada yangu, siku tatu tu uso unang'aa."

Namba moja: asidi salisiliki. Tofauti yake ni kwamba inayeyuka kwenye mafuta. Inaweza kuingia ndani ya kitundu cha ngozi kilichoziba, huko ambako chunusi na vile vidoti vyeusi vya puani vinaanzia. Marekani, dawa za chunusi zenye asidi hii zinazouzwa bila cheti cha daktari zinatakiwa ziwe na kati ya asilimia 0.5 na 2. Ukiona chupa inajisifu kupita hapo, irudishe kwenye shelfu.

Chupa za CeraVe ndizo zinazochanganya watu zaidi. Zina umbo moja na maandishi ya mpangilio mmoja, na mtu akiambiwa "CeraVe ya chunusi" anabeba yoyote iliyo karibu. Asidi salisiliki imo kwenye ile yenye herufi SA, na kwenye ile ya Blemish Control ambayo inayo asilimia 2. Ile ya ngozi kavu na ile ya povu ya kawaida ni nzuri kwa kazi zake, lakini hukuzifuata hizo. Geuza chupa, soma orodha ya viambato nyuma, utafute neno linaloanza na "salicyl". Usipoliona, jina la mbele halina maana.

Neutrogena Oil-Free Acne Wash nayo ina asilimia 2. Naiweka chini ya CeraVe kwa sababu inakausha, na uso uliokaushwa kupita kiasi unawasha, unachubuka, kisha unabaki na madoa. Anayeweza kuivumilia ni mwenye uso wa mafuta kwelikweli, yule ambaye saa nne asubuhi paji la uso linameremeta. COSRX ya Korea ni ya upole zaidi, inamfaa kijana anayeanza.

Kaka zetu wenye vipele vya ndevu baada ya kutoka saluni, hii ni yenu pia. Ila msiipake siku ileile ya kunyoa.

Mwenye mzio wa aspirini asiiguse, hizo ni familia moja. Mjamzito aulize kliniki kwanza.

Namba mbili: asidi laktiki na mandeliki. Molekuli zake ni kubwa kuliko za glikoliki, iliyo namba tatu hapa chini, hivyo zinapenya taratibu na hazichomi sana. Kwa ngozi nyeusi hilo ni jambo kubwa: kila mwasho unaweza kuacha doa linalokaa miezi. Ningeziweka juu zaidi kwa mwenye ngozi kavu, ila zikiwa katika sabuni haziko kila duka, na ukiagiza kwa wauzaji wa Instagram hujui kitakachofika.

Namba tatu: glikoliki. Ndiyo yenye molekuli ndogo kuliko zote katika kundi lake la AHA, ambalo laktiki na mandeliki zimo pia, na kwa asili hupatikana kwenye miwa. Inafanya kazi haraka, madoa ya chunusi yanafifia vizuri, na ukikosea kipimo inakuadhibu haraka vilevile. Asidi za kundi hili zinaifanya ngozi iungue na jua kirahisi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri kujikinga na jua wakati unazitumia na wiki moja baada ya kuacha. Sasa fikiria jua la saa saba mchana ukisubiri daladala Mwenge. Kama hununui sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya SPF 30 au zaidi, usinunue glikoliki. Hela ya moja bila nyingine ni hela ya madoa mapya.

Namba nne: zilizochanganya asidi tatu nne. Uso ukiwasha hutajua ni ipi. Ziacheni kwa waliozoea.

Mwisho kabisa: asidi pamoja na chembechembe za skrabu. Unalegeza ngozi kwa dawa halafu unaikwaruza. Kwa nini?

Nje ya orodha yote nimeacha sabuni za kojiki. Inaitwa asidi, lakini kazi yake ni kupunguza utengenezaji wa rangi ya ngozi, haizibui vitundu. Mafuta ya kuchubua yanayouzwa kwenye vichupa visivyo na lebo, na mkorogo wa aina yoyote, hata tusijadili. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Anayekuuzia kitu kisicho na orodha ya viambato anakuficha jambo.

Kuhusu mahali: famasi kubwa na maduka ya Mlimani City yana bei ya juu kidogo na usumbufu mdogo. Kariakoo utapata nafuu, lakini nenda na macho. Angalia kama kifuniko kimefunguliwa, namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa ifanane na ya kwenye boksi, maandishi yasifutike ukipitisha kidole chenye maji. Mwambie muuzaji tu, "Kaka, naomba niione nje, kwenye mwanga." Mwenye mzigo halali hakasiriki. Bei ikiwa nusu ya famasi zote ulizouliza, hiyo ni feki hadi ithibitike vinginevyo. Na linganisha kwa mililita: chupa ndogo ya "bei poa" mara nyingi ndiyo ghali.

Ukifika nayo nyumbani, jaribu kwanza chini ya taya kwa siku chache. Kisha tumia usiku, mara mbili au tatu kwa wiki, ipake kwa vidole na uisuuze ndani ya dakika moja. Kama bomba lenu ni la kisima, uso utakaza hata sabuni ikiwa nzuri. Weka kikombe cha maji ya kunywa pembeni kwa ajili ya suuza ya mwisho, halafu losheni isiyo na mafuta mazito papo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu. Unayetumia tretinoini au adapaleni, dawa za chunusi za kupaka, usianze vyote pamoja. Ipe wiki sita hadi nane kabla ya kuihukumu. Mchomo mdogo wa sekunde chache huvumilika, ila uso ukibaki unawaka baada ya kusuuza, acha.

Kuna vipele vidogo vya saizi moja, vinavyowasha, vimejaa paji la uso na kifuani msimu wa joto. Hivyo huenda ni fangasi, si chunusi, na hakuna sabuni katika orodha hii itakayoviondoa. Hela ya chupa ipeleke kwa daktari wa ngozi, Muhimbili wapo.