Diski ipi ununue kabla ya kupiga Windows upya

Laptopu ya mtumba ikichukua dakika nne kuwaka, usikimbilie kununua nyingine. Shika bisibisi, fungua mfuniko wa chini. Ukikuta hadidiski ya kuzunguka, mchawi ni huyo.

Namba moja kwangu ni SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya inchi 2.5 na yenye plagi ya SATA. Inakaa palepale pa hadidiski, kwa plagi ileile. Husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde, wakati hadidiski ya laptopu huhangaika kwenye 100. Chukua GB 480 au 500. 240 inatosha kazi za ofisi. GB 120 iache, itajaa upesi.

Jihadhari na bei ya kutupa. Niliwahi kuuziwa "TB 1" kwa bei ya GB 240. Kompyuta ilisoma TB 1 kweli, lakini picha za harusi ya dada yangu zilizoingia mwishoni hazikufunguka hata moja. Tangu siku hiyo kila diski mpya naipima kwa H2testw, programu ya kukagua ukubwa halisi wa diski, kabla ya kuiwekea kitu. Ukinunua iliyotumika, mwambie muuzaji afungue programu ya CrystalDiskInfo uone afya yake na saa ilizofanya kazi.

Namba mbili ni NVMe, aina nyingine ya SSD. Kwa kasi inaiacha SATA mbali sana, ila sharti mashine iwe na nafasi yake. SSD za M.2, yaani za umbo la kadi nyembamba, ya SATA na ya NVMe zinafanana mno, na nafasi ya moja huenda isikubali nyingine. Soma sifa za modeli yako kamili kabla hujatoa hela.

Hadidiski ni ya mwisho: inafaa kuhifadhia video, Windows usiipige humo.

Kwenye kupiga Windows, utahitaji flashi ya GB 8 isiyo na kitu muhimu, maana itafutwa yote. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Chini ya hapo mimi huweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Leseni ya Windows isikutishe: kama ilishawahi kuamilishwa kwenye mashine hiyo, ruka hatua ya ufunguo wa leseni, weka toleo lilelile (Home au Pro), itajiamilisha ukiunganisha intaneti.

Diski ya zamani usimwachie fundi. Itie kwenye kasha la USB, na usiifomati mpaka uhakikishe kila faili limehamia.