Wali ulioanza kuliwa ukarudishwa kwenye sufuria: uzoefu wangu na kafeteria ya chuo

Chakula chenyewe hakina shida. Naanza na hilo mapema ili mtu asije akasema nina chuki na wapishi, maana nitakayoyasema hapa chini ni makali na sitaki yamwangukie asiyehusika. Maharage ya kafeteria ya chuo chetu ni matamu. Yana nazi, hayana mawe, yameiva mpaka ndani. Wali sijawahi kuukuta bokoboko. Mchicha wanaukatakata vizuri na hawauchemshi mpaka ukageuka mweusi. Kwa chuo cha hapa Dar es Salaam, ambako wanafunzi wengi wanapiga pasi ndefu, yaani wanaruka mlo, bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) likikata, kupata sahani kama ile na kipande cha nyama juu kwa 2,500 ni jambo la kushukuru.

Ila mimi sili pale tena, na mwaka wa kwanza yeyote anayeniuliza namwambia asile.

Ilikuwa muhula uliopita, wakati wa testi, mchana ule ambao foleni inatoka mlangoni na kufika mpaka kwenye vimbweta, zile meza na viti vya nje tunavyosomea. Nilikuwa na mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja hosteli. Yeye hana mkopo. Mama yake anauza vitumbua Mbagala, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyolipa ada ya muhula ule. Hela ya kula anatumiwa ikibaki, na isipobaki hatumiwi. Siku hiyo hakuwa ametia kitu mdomoni tangu kuamka, na jioni alikuwa na testi. Nikamwambia twende, leo nalipa mimi.

Siku hizi pale malipo ni kwa simu. Lipa namba imebandikwa dirishani, ukutani, kwenye nguzo, mpaka kwenye ndoo ya maji ya kunawia. Noti wanaipokea kwa shingo upande, na chenji hawana kamwe. Nikalipa 5,000 ya sahani mbili. Hela ikakatwa, meseji ikaingia kwenye simu yangu ikiwa na jina la biashara yao na namba ya muamala. Mama anayepakua akaisoma, akatupakulia. Mwenzangu akatangulia kwenda kukaa kwa sababu alikuwa hawezi kusimama zaidi. Mimi nikabaki dirishani naomba pilipili.

Hapo ndipo akatokea msimamizi. Ni kijana tu, hatuzidi umri kwa mbali, shati amechomekea, simu ya biashara mkononi. Akasema, "Dada, hela yako haijaingia."

Nikamwonyesha meseji. Akasema meseji za kughushi ziko nyingi, yeye anaamini simu yake. Nikamwambia basi aangalie salio. Akajibu kwamba hawezi kuangalia salio la kila mtu. Nikatoa kitambulisho cha chuo, chenye picha yangu na namba yangu ya usajili, nikamwambia akae nacho mpaka meseji imfikie, kama nimemdanganya anajua pa kunikamata. Hakukigusa. Alichukua sahani iliyokuwa mkononi mwangu, akaumimina wali kwenye sufuria, akanirudishia mkono mtupu mbele ya foleni nzima.

Ningeweza kulimeza hilo. Nasema kweli, ningeweza. Lakini akauliza, "Na mwenzako yuko wapi?"

Akaenda mpaka mezani. Mwenzangu alikuwa ameshaanza kula. Kijiko kilikuwa kimekwenda mdomoni na kurudi, maharage upande mmoja ameshayachanganya. Akamnyanyulia sahani bila hata kumsalimia, akarudi nayo dirishani, akachukua mwiko, akachota ule wali wa upande aliouona yeye kuwa haujaguswa na kuurudisha kwenye sufuria. Sufuria hiyohiyo. Kisha aliyekuwa nyuma yangu akapakuliwa, na wa nyuma yake, na foleni ikasogea.

Nimeeleza hatua kwa hatua ili msomaji asidhani nimeteleza kwenye maneno. Wali ambao mtu ameshautia kijiko kilichotoka kinywani mwake ulirudishwa kwenye sufuria ya watu wote, na sufuria ikaendelea kuuza. Baadaye nimewasikia watu wakisema kisa changu ni cha mtandao kugoma. Mtandao unagoma nchi nzima, hilo sina ugomvi nalo. Mtandao haukushika mwiko.

Aliyesimama upande wetu alikuwa mama wa maharage peke yake. Sitamtaja jina, wanaokula pale wanamjua, ndiye anayewaita wanafunzi wote "mwanangu". Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nje: "Mwache mtoto wa watu ale, hiyo hela nikatwe mimi." Kijana akamwambia, "Mama, fanya kazi yako." Mwanamke wa umri wa kumzaa! Hakujibu, akarudi kwenye masufuria yake. Mwenzangu hakulia pale. Alinawa mikono, akachukua begi, tukatoka.

Sasa nieleze kwa nini hasira yangu haijapoa mpaka leo, maana kuna ndugu mmoja wa darasani kwetu aliniambia ni wali tu, nisahau.

Mjomba wangu alisoma chuo kikuu miaka ya 1980. Wakati huo serikali ndiyo ilikuwa inalipia masomo, kitanda na chakula. Nao walikuwa wanalalamika, anasema, tena sana, lakini walikuwa wanalalamikia chakula cha kupewa. Mapema miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na chakula na malazi vikahamia kwenye mfuko wa mwanafunzi na mzazi wake. Jikoni wakaingia wazabuni. Na anayekula kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, kama mimi, asidanganywe kwamba anakula bure. Posho ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, ikapandishwa ikawa 10,000, na yote ni deni. Nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara wangu mpaka liishe. Maana yake sahani ile niliyonyang'anywa nilikuwa nimeilipia kwa simu siku hiyo, na nitakuja kuilipia tena kwa jasho langu miaka ijayo. Hakuna aliyekuwa ananifadhili pale dirishani. Mzabuni yuko chuoni kwa sababu sisi tupo.

Na anajua hatuna pa kwenda. Hosteli kupika ni marufuku. Hita, jiko la umeme, hata birika, wakifanya upekuzi wanaondoka navyo. Sipingi, nyaya za majengo yale ni za zamani na moto hauna mdogo. Ila ukishamkataza mtu kupika, mchana ana saa moja kati ya kipindi na kipindi, na geti liko mbali, umemfunga kwa yule mwenye sufuria. Mwenye sufuria naye akijua umefungwa, adabu inamtoka.

Mambo mengine ya chuo kile nayapenda, naomba ieleweke. Nimejifunza zaidi kwenye vimbweta vilivyo chini ya miarobaini, usiku kwenye diskasheni, kuliko kwenye baadhi ya madarasa. Chumba cha televisheni siku ya Simba na Yanga hakina mfano. Bonanza la michezo, kwaya, midahalo, kampeni za serikali ya wanafunzi, vyote vina uhai. Maji ya kuoga yanakatika, tunabeba ndoo, maisha yanaendelea, na mlinzi wa hosteli yetu anatuuliza kila asubuhi kama tumelala salama. Kote huko nimekutana na watu wanaojua kwamba mwanafunzi ni mtu. Ndiyo maana la kafeteria linanichoma: halifanani na chuo chetu.

Meseji ilimfikia msimamizi. Dada wa mahesabu aliniambia mwenyewe kesho yake, kwa kunong'ona, kwamba iliingia hata kabla sisi hatujafika hosteli. Hakuna aliyetufuata. Hakuna aliyepiga simu, na namba yangu ilikuwa kwenye muamala! Nikaenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, nikaambiwa niandike barua, nikaandika. Nikaenda kwa waziri wetu wa chakula katika serikali ya wanafunzi, akaniambia wanalifanyia kazi. Mwishowe nikaitwa kafeteria. Msimamizi akanipa vikaratasi viwili, kila kimoja cha sahani moja, akasema, "Yaishe, dada." Samahani haikutoka. Kuhusu wali uliorudi kwenye sufuria akasema ulikuwa safi.

Ulikuwa safi!

Mimi vikaratasi sikuvitumia. Nilimpa mwenzangu vyote viwili, naye akavitumia, kwa sababu njaa haina kinyongo. Akarudi akaniambia maharage ni yaleyale, na mama wa maharage alimwongezea upawa mzima. Sikumlaumu hata kidogo. Nilikasirika upya, lakini sikumkasirikia yeye.

Nijaribu kutenda haki. Wanafunzi wanaoghushi meseji za malipo wapo, nawajua kwa sura. Mwenye biashara akiibiwa kila siku lazima macho yawe makali, na kijana yule pengine anakatwa yeye upungufu ukionekana. Kama angetuambia tukae pembeni tusubiri, tungesubiri. Kama angeandika namba zetu za usajili, tungeandika na ya mzazi. Hata angetunyima chakula kabla ya kupakuliwa, leo ningekuwa nalalamikia mtandao kama wengine na nyota tatu ningewapa, nne kwa ajili ya maharage.

Kwa hiyo pengine niseme hivi: kuleni pale, ila nendeni na hela taslimu iliyo kamili, msitegemee simu, na msianze kula mpaka msimamizi aseme imeingia. Hapana. Nimeyasoma hayo niliyoandika na nimejisikia vibaya. Mtu aliyelipa akae mbele ya sahani yake akisubiri ruhusa ya kijana mwenye simu? Msile. Mwende kwa mama lishe wa getini.

Mama lishe wa getini hana nazi kwenye maharage. Wali wake siku nyingine unakuwa mgumu juu na maji chini, na kifuniko chake hakizuii inzi wote. Ana daftari la kaunta lenye majina yetu na madeni yetu. Hela isipoingia anasema, "Itaingia, kula kwanza," anaandika, anaendelea kupakua. Bumu likitoka tunapanga foleni kumlipa, na wanaomkimbia ni wachache mno kwa sababu tunaona aibu. Mwenzangu anakula kwake sasa, akilipa vitumbua vya mama yake vikiuzwa. Ni mwendo wa jua kali kwenda na kurudi, anachelewa kipindi cha saa nane, na bado anakwenda.

Nasikia mkataba wa mzabuni utatangazwa upya. Nami nasema kwa watakaokaa kwenye hicho kikao, na wawakilishi wetu wakiwemo: msiishie kuuliza bei ya sahani na idadi ya meza. Muulizeni kila anayeomba kazi atafanya nini hela ya mwanafunzi ikikatwa na meseji isimfikie, na mumtake aiandike kwenye karatasi na kuitia sahihi. Msimamizi yule aondolewe dirishani, apewe kazi isiyomkutanisha na mtu mwenye njaa. Mwenzangu aombwe radhi mbele ya watu, palepale aliponyang'anywa sahani mbele ya watu. Hayo yakifanyika nitarudi, na nitaandika tena kusema nimerudi.

Na mama wa maharage, mzabuni yeyote atakayeingia, asiguswe.