Glavu ya mdakaji ya ngozi ya maksai: uzoefu wangu baada ya misimu kadhaa

Natumia glavu ya mdakaji wa besiboli, Heart of the Hide ya kampuni ya Rawlings, inchi 34, na nimeipenda kwa sababu moja kubwa: bado inasimama. Nikiiweka mezani haijilazi kama kitambaa, na nikidaka mpira wa kasi, upande wa dole gumba haurudi nyuma. Kwa mtu anayechuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani, pale mpigaji anaposimama, mechi nzima, hilo ni jambo zito kuliko rangi au nembo.

Nilikuwa na nyingine kabla ya hii, ya kampuni ambayo sitaitaja. Ilikuwa laini tangu siku ya kwanza, unavaa na kucheza. Kiganja chake kilibaki kizuri hadi mwisho, hakikutoboka wala kuchanika. Kilichokufa ni mkunjo. Ngozi iliyo chini ya dole gumba ililegea, ikawa kila mpira ukigonga pembeni kidogo glavu inafunguka na mpira unadondoka, mkimbiaji naye keshaondoka. Ndani nako pedi ilihama. Ukipitisha kidole ungeikuta imejikusanya kama uvimbe karibu na kifundo cha mkono, na shina la kidole cha shahada limebaki na ngozi tupu. Mahali hapo ndipo mpira unapogonga zaidi, na kidole changu kilikuwa kinavimba baada ya kila mchezo.

Tangu hapo nikichagua glavu naanza na mkunjo. Naikunja polepole na kuangalia inakunjikia wapi. Iliyotengenezwa vizuri ina sehemu mbili za kukunjika, moja chini ya dole gumba na nyingine chini ya kidole cha mwisho, na katikati kiganja kinabaki bapa, kipana. Ikijikunja katikati kabisa, kama kitabu, naiacha hapo hapo hata kama bei yake inavutia. Halafu nabonyeza pedi kwa dole gumba kuzunguka ukingo wote. Inatakiwa kuwa ngumu na sawia, isiwe na sehemu tupu.

Ngozi sasa. Ya maksai ni nene na nyuzi zake zimeshikamana sana, ndiyo maana inachukua muda kulainika na ndiyo maana inadumu. Heart of the Hide imetengenezwa kwa ngozi hiyo, na glavu ya A2000 ya kampuni ya Wilson, ile ya ngozi ya Pro Stock, vilevile. Ngozi ya ng'ombe mchanga ni nyepesi zaidi na inashika umbo mapema. Wapo wadakaji wazuri wanaoipendelea, hasa wanaotaka mkono mwepesi wa kutoa mpira haraka kwenda besi ya pili. Mimi nadaka mno mazoezini, kwa hiyo nimebaki na maksai. Ngozi ya bandia inamfaa anayejaribu mchezo tu. Kwa mpira wa kasi ya watu wazima singeitegemea.

Inchi za glavu ya mdakaji zinawachanganya wengi. Glavu ya mchezaji wa ndani ya uwanja hupimwa kutoka ncha ya kidole hadi kitako cha kiganja, lakini ya mdakaji hupimwa mzunguko wake wote. Ndiyo maana unakuta 32, 33, 34. Sheria za ligi kuu ya Marekani zinaruhusu mzunguko usiozidi inchi 38, na urefu wa juu hadi chini usiozidi inchi 15.5, kwa hiyo hizi za dukani ziko ndani kabisa ya kiwango. Inchi 34 inanipa eneo kubwa la kuzuia mpira unaodunda mavumbini. Mwenye mkono mdogo ataona 33 inamtii zaidi.

Kulainisha ndiko kulikonipa kazi, na nilifurahia kila hatua. Nilipaka mafuta ya lanolini kidogo sana, kiasi cha kung'arisha tu, nikayasugua kwenye mikunjo miwili na mfukoni, yaani pale mpira unapokaa. Mafuta mengi yanazama hadi kwenye pedi, glavu inakuwa nzito na haipotezi tena uzito huo. Kisha nyundo ya mbao yenye kichwa cha mviringo, nikigonga pale ninapotaka mpira ukae, siyo katikati ya kiganja bali juu kidogo, chini ya wavu, ile sehemu inayounganisha dole gumba na vidole. Baada ya hapo ni kudaka, na kudaka tena: kwanza mipira ya mwendo wa taratibu, halafu ya mrushaji. Wanaoiingiza glavu kwenye oveni wanaua ngozi. Joto lile linakausha mafuta ya asili, na ngozi iliyokauka hupasuka kwenye mkunjo, yaani mahali pale pale unapopategemea.

Wavu wangu ni wa kipande kimoja. Napenda hivyo kwa kuwa kamba za ngozi zinazoufunga na kupokea kishindo cha mpira moja kwa moja ni chache. Na kamba ndizo za kuangaliwa kuliko kitu chochote. Hakuna glavu ambayo kamba zake hazichakai; ngozi nzuri inaishi muda mrefu kuliko kamba kadhaa. Kila baada ya mechi napitisha kidole juu ya wavu nikitafuta iliyonyonyoka au iliyokuwa nyembamba kuliko jirani zake, nakaza mafundo, na nikiona moja imeanza kukatika naibadilisha kwa sindano ya kamba kabla haijaachia. Kamba ikikatika katikati ya mchezo, wavu unafunguka na nyingine zinabeba mzigo usio wake.

Ikilowa naifuta, naiweka kivulini mpira ukiwa mfukoni, wala siifungii kwenye begi la vifaa chini ya vikinga magoti. Kitu kizito kikiikalia usiku kucha, umbo ulilolijenga kwa wiki nyingi linaharibika.

Naipendekeza kwa moyo wote kwa kijana mkubwa au mtu mzima anayedaka mara kwa mara. Kwa mtoto, hapana: ngozi hii itamshinda kuifunga, na akishindwa kuifunga atazoea kudaka kwa mikono miwili, mkono wa kurushia ukiwa wazi mbele ya mpira. Mzazi wake ampatie ya inchi 31 au 32, ya ngozi laini zaidi. Na anayecheza softiboli atafute iliyotengenezwa kwa mchezo huo, kwa sababu mpira wake una mzunguko wa inchi 12 hivi, ilhali wa besiboli ni 9 na kidogo, na mfuko wa glavu kama hii yangu haukuachiwa nafasi hiyo.