Pikipiki ipi ununue Nyanda za Juu Kusini kama unataka kuitengeneza mwenyewe

Kabla ya kuuliza bei, uliza kama kebo ya klachi, breki shuu na plagi zake zinauzwa karibu na kwako, au ni mpaka soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini. Kisha itake yenye kabureta, kiki na injini ya kupozwa kwa upepo. Hiyo unaifungua kwa spana za kawaida.

1. Bajaj Boxer BM 150. Tunaiweka juu kwa sababu spea zake zimeenea na cc 150 zinahitajika milimani. Injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Ndiyo maana plagi hapa hujaa masizi: hewa imepungua, petroli ni ileile. Anza na chujio la hewa. Likiwa safi na masizi bado yapo, weka jeti kuu (kitundu cha petroli ndani ya kabureta) iliyo ndogo kwa saizi moja tu. Anayeshuka Kyela mara kwa mara aiache ya kiwandani. Kule chini hewa ni nzito, na petroli ikipungua injini inachemka.

2. TVS HLX 125. Haili mafuta. Kwa magunia ya viazi, chukua HLX 150.

3. Za Kichina zenye injini ya muundo wa Honda CG125, kama SanLG nyingi. Hazina taimingi cheni, yaani cheni ya ndani ya injini inayoendesha valvu. Valvu husukumwa na vijiti, hivyo kuziseti ni rahisi: injini baridi, pistoni juu kabisa na valvu zote zimefunga, fila geji (bati la kupimia mwanya) ya milimita 0.05 hadi 0.08. Nati zake ni laini, kaza kwa kiasi.

4. Yamaha AG100 iliyotumika. Cheni imefunikwa yote, tope la Rungwe haliigusi. Lakini ni ya tu-stroki, yaani huchoma oili pamoja na petroli: tangi la oili likikauka, pistoni inakwama. Spea zake ni za kutafuta.

Kwa hizo tatu za kwanza, badilisha oili ya injini, 20W-50, karibu lita 1, kila kilomita 2,000. Yoyote utakayochukua, cheni icheze milimita 25 hivi. Ikikazwa sana hula beringi na sproketi.

Ukinunua iliyotumika, ikute injini baridi ndipo uiwashe. Kwa isiyo ya tu-stroki, moshi wa bluu usiokoma ni ringi au sili za valvu. Tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia. Likicheza, kagua bushi na beringi. Namba ya chesesi ilingane na kadi kabla hujatoa hela.